Shaka ya Mvua

Kila Ramadhani usiku wa 16, msikiti ninaoswali tarawehe, kule Ngamiani, Tanga, hukatika vipande viwili. Imamu ameinuka kutoka kwenye rukuu ya rakaa ya mwisho ya witri, amesimama itidali, ameinua mikono aanze kunuti, ile dua ya kusimama, na nyuma yake nusu ya watu washafika chini. Sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, kunuti ya witri tunaisoma nusu ya pili ya Ramadhani tu, na mwili uliozoea kwenda moja kwa moja sijdani tangu mwezi uandame hauna habari kwamba tarehe imegeuka. Huku kwetu wanawake, nyuma ya pazia, unasikia mabuibui yanavyochakarika watu wakiinuka tena. Na yupo bibi mmoja ambaye kila mwaka lazima aseme "Subhanallah" ya kusikika mpaka kwa imamu.

Mwaka huu jambo hili nimelitazama kwa jicho jingine, kwa sababu nimejua kwamba Mayahudi nao wana usiku wao wa 16, tena si mmoja, na wanazuoni wao wameuhangaikia kwa karne nyingi kwa umakini ambao mtu anayependa fiqhi, elimu ya sheria za dini, hawezi kuupita bila kusimama. Najua wapo watakaosema, "Mwalimu, hayo ya Mayahudi yanatuhusu nini sisi?" Anayeona hayamhusu avute subira, wiki ijayo narudi kwenye udhu wa mwenye plasta.

Kwanza tuliweke sawa la kwetu. Nafundisha kina mama fiqhi ya ibada barazani kwangu Chumbageni, baada ya alasiri, na hakuna swali linalorudi kama hili: "Mwalimu, nimeshuku kama nilisoma kunuti." Jibu la madhehebu yetu ni jepesi. Kunuti ni katika ab'adhi, yaani sunna ambazo ukiziacha unazifidia kwa sijda. Ukiiacha swala haibatiliki, unaleta sijda mbili za kusahau kabla ya salamu, basi. Ukishuku tu je, hujui uliisoma au hukuisoma? Unasujudu vilevile, kwani asili ya jambo ni kutokuwepo mpaka upate yakini kwamba lilikuwepo. Rakaa nazo ni hivyohivyo. Katika hadithi ya Abu Said al-Khudri aliyoipokea Muslim, mwenye kushuku ameswali tatu au nne anaambiwa aitupe shaka, ajenge juu ya yakini, kisha asujudu sijda mbili kabla hajatoa salamu. Na shaka ikikujia baada ya salamu, iache ipite zake.

Nimelifundisha hili miaka mingi bila kuona kitu ambacho sasa nakiona. Bibi aliyesoma kunuti ya alfajiri kila siku tangu yu kigori, akishuku leo, miaka yake yote hiyo haimsaidii. Fiqhi haimuulizi amezoea nini. Inamuuliza: una yakini? Hana. Basi asujudu.

Mgeni wangu alipanga chumba cha uani kuanzia Novemba. Ni fundi wa umwagiliaji wa matone kutoka Johannesburg, mtu wa makamo, Myahudi mwenye kushika dini yake, Kiswahili alikiokota Kenya. Hakuwa wa waja leo waondoka leo. Kazi yake kwenye shamba moja la upande wa Muheza ilikuwa ya miezi. Alikuja na sufuria zake mwenyewe. Nilipompelekea mchuzi wa pweza wa kumkaribisha alishukuru sana, na hakuugusa, maana samaki wao lazima awe na mapezi na magamba. Changu sawa; pweza, ngisi na kamba hapana. Nilimwonea huruma kwa kweli, mtu kukaa Tanga miezi yote hiyo bila pweza.

Wao huswali mara tatu kwa siku: asubuhi, alasiri na usiku. Asubuhi alikuwa akisimama kwenye kibaraza cha uani akielekea kaskazini, na siku za mwanzo nilidhani anaelekea kibla chetu. Makka na Tanga ziko karibu mstari mmoja, longitudo ya 39, ndiyo maana huku kibla chetu ni kaskazini barabara. Yerusalemu iko longitudo ya 35, kwa hiyo mtu aliyeko Tanga akiielekea anapinda kushoto kidogo tu. Ungetuona alfajiri, mimi chumbani na yeye uani, ungesema ni safu moja iliyonyooshwa vibaya.

Asubuhi moja ya Desemba vuli ilikuwa imekolea, mvua imenyesha tangu usiku na haijakata. Nilikuwa jikoni nachambua mbaazi, dirisha langu linatazama uani. Alikuwa amesimama, miguu ameiunganisha, midomo inacheza bila sauti. Akamaliza, akarudi nyuma hatua tatu, akainama kushoto na kulia kama kawaida yake. Kisha akaganda. Akakunja uso, akatazama juu ya paa, midomo ikarudia maneno fulani nusunusu, ikaacha, ikarudia. Halafu akasogea mbele hatua tatu, akaanza upya tangu mwanzo. Uso ule naujua. Nauona barazani kwangu kila wiki.

Alipomaliza kweli nikamuuliza, "Mwanangu, umeshuku nini?"

"Mvua, mama," akasema. "Sijui kama nimeomba mvua."

Na mvua yenyewe ilikuwa inapiga bati mpaka ilimbidi apaaze sauti ndipo nimsikie.

Jioni ile alinieleza, na jioni nyingine nyingi baadaye, kwa sababu mimi nikianza kuuliza siachi. Swala yao ya kusimama, Amida, siku za kazi ina baraka 19 zinazofuatana kwa mpango maalumu. Maneno yake ni yaleyale mwaka mzima, ila kuna nyongeza za misimu. Mvua inaingia mahali pawili. Katika baraka ya 2 anatajwa Mungu kuwa ndiye avumishaye upepo na kuteremsha mvua. Hiyo huanza siku ya nane, inayofuata zile saba za Sikukuu ya Vibanda, na huachwa siku ya kwanza ya Pasaka yao. Katika baraka ya 9, ya riziki ya mwaka, mvua haitajwi tu bali inaombwa hasa: utupe umande na mvua. Hii ya kuomba ina tarehe yake mbali. Katika nchi ya Israeli ni tarehe 7 ya mwezi wao wa Cheshvan, siku 15 baada ya sikukuu, na sababu imo ndani ya Mishna yenyewe, mkusanyo wao wa kale wa sheria: ili hujaji wa mwisho aliyekuja Yerusalemu kwa miguu awe amefika mto Frati bila kunyeshewa njiani. Mimi niliyewahi kusindikiza mahujaji wetu na kusubiri simu ya kwamba wamefika salama, sababu hiyo imenikaa moyoni. Nje ya Israeli wanafuata hesabu ya Babeli, siku ya 60 tangu majira ya vuli ya kule yaanze, ambayo kwa kalenda ya leo ni jioni ya tarehe 4 Desemba, au tarehe 5 ikiwa mwaka unaofuata Februari yake ina siku 29.

Basi aliyeacha kuomba mvua wakati wake amepungukiwa na kitu cha lazima. Akikumbuka kabla ya baraka ya 16, ile ya Mungu msikia maombi, anaomba hapo na yamekwisha. Akikumbuka ameshaipita, anarudi baraka ya 9 na kuendelea kutoka hapo. Akiwa ameshapiga zile hatua tatu za kuondoka, swala yote anaianza upya. Hakuna kitu cha mfano wa sijda ya kusahau. Ni kurudia.

Na akishuku? Hapa ndipo nilipoweka kikombe cha chai chini.

Wao hawasemi asili ni kutokuwepo. Wanasema: tazama ulimi umezoea nini. Talmudi ya Yerusalemu, moja ya Talmudi mbili zenye mijadala ya wanazuoni wao wa kale, imeweka kiwango cha siku 30. Ndani ya siku 30 tangu maneno yabadilike, mwenye shaka anahesabiwa kuwa amesema ya zamani aliyoyazoea, kwa hiyo anarudia. Siku 30 zikipita, shaka ileile, mtu yuleyule, anahesabiwa kuwa amesema mapya, na harudii. Rabi Yosef Karo akaiweka hukumu hiyo katika Shulchan Aruch, kitabu cha sheria kilichochapishwa Venice mwaka 1565, na Mayahudi wanaoshika sheria bado wanakifuata mpaka leo. Mgeni wangu alikuwa bado hajamaliza wiki mbili za kuomba mvua. Kwa hiyo sheria ilikuwa imeshamjibu: umesahau, rudia.

Ukikaa ukalifikiri utaona lina akili. Mtu amehama Makorora kwenda Duga. Wiki za mwanzo, usiku, amechoka, umuulize bodaboda alimshusha wapi naye hakumbuki, jibu la kuelekea kweli ni Makorora. Miezi ikipita jibu ni Duga. Kumbukumbu yake ya usiku ule haipo, lakini mwenendo wake upo, na mwenendo ni ushahidi. Fiqhi yetu inaijua hoja hii, ila katika mlango huu Mashafii hatukuifungulia. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi waliifungulia kidogo: aliyezoea kushuku anatazama dhana yake inaelemea wapi, na ambaye shaka si kawaida yake anaianza swala upya, jambo linalomsogeza karibu na mgeni wangu kuliko linavyomsogeza karibu nami.

Sasa ukishasema ushahidi ni mazoea ya ulimi, swali la pili linakuja lenyewe. Je, mtu hawezi kuuzoesha ulimi kwa makusudi, asisubiri siku 30? Aliyelijibu kwa vitendo ni Rabi Meir wa Rothenburg, Ujerumani, karne ya 13. Alichukua siku 30, akazizidisha kwa swala 3 za kila siku, akapata 90. Basi siku maneno yanapobadilika alikuwa akikaa na kusoma kipande kile kwa maneno yake mapya mara 90 mfululizo. Kuanzia hapo akishuku, harudii; ulimi wake ameufundisha siku moja.

Hoja yake aliitoa kwenye ng'ombe. Katika Talmudi wanajadili fahali mwenye kupiga watu pembe: akipiga mara tatu, kwa nyakati zilizoachana, anahesabiwa mwenye tabia hiyo na mwenyewe analipa fidia kamili. Rabi mmoja wa kale akauliza, ikiwa mapigo yaliyoachana yanathibitisha tabia, yaliyofuatana si ndiyo zaidi? Meir wa Rothenburg akaichukua akaipeleka kwenye ulimi: ikiwa mara 90 zilizotawanyika mwezi mzima zinazoesha, mara 90 za siku moja zinazoesha zaidi. (Mtu huyu mwenyewe habari yake ni ndefu. Alifungwa na mfalme Rudolf, na inasimuliwa kwamba alikataa watu wake wamkomboe kwa fedha nyingi, wasije wafalme wakaona kukamata marabi ni biashara. Akafia kifungoni mwaka 1293.)

Karo akalikubali, akaliandika. Baadaye, karne ya 19, Rabi wa Pressburg anayejulikana kwa jina la Chatam Sofer akaona 90 hazitoshi, mtu asome mara 101, kwa kuwa Talmudi imesema anayerudia somo lake mara 100 si sawa na anayelirudia mara 101. Lakini tangu zamani walikuwepo walioikataa hoja ya fahali: fahali ni habari ya tabia kudhihirika, na ulimi ni habari ya mazoea kuota, na mazoea yanataka siku.

Mimi niko na hawa waliokataa. Nimefundisha chuoni watoto kabla sijafundisha mama zao. Mtoto anayekariri sura kwa kuirudia Alhamisi nzima, Jumamosi anakuja amebaki na nusu yake. Anayeisoma mara tatu kwa siku, kidogokidogo, haimtoki mpaka anaoa. Nilimwambia mgeni hivyo. Akacheka, akasema yeye mwenyewe alijaribu hizo 90 siku ya kwanza ya Desemba yake, akafika katikati akasinzia.

Kinamama niliwasimulia haya barazani na wakagawanyika. Mmoja akasema dini yetu imeturahisishia, sijda mbili na umemaliza. Mwingine, ambaye ana wasiwasi wa swala na simtaji, akasema afadhali wangemwambia arudie, kwa sababu hata akishasujudu anabaki anajiuliza kama amesujudu. Nikamwambia huyo ndiye ambaye sheria zote mbili zinamkimbia. Kwetu shaka ya baada ya salamu haitazamwi. Kwao Rabi Yisrael Meir Kagan, aliyefariki mwaka 1933, ameandika kwamba ukiwa na hakika kuwa ndani ya swala ulikumbuka kwamba unatakiwa kusema, na shaka ikakujia baada ya muda mrefu, usirudie. Ila ikikujia papo hapo umemaliza, rudia. Yaani wamempa mwenye wasiwasi mlango wa kutokea, lakini hawakuuweka karibu kama wetu.

Na kuna mjadala wa zamani zaidi ambao niliupenda kuliko yote. Talmudi ya Babeli, katika mlango wa baraka, inazungumzia mtu asiyejua kama ameswali kabisa au hakuswali. Rabi Elazar anasema asirudie. Rabi Yohanan anajibu: laiti mtu angeswali kutwa nzima! Waliokuja baadaye wakapata njia ya katikati, kwamba mwenye shaka ataswali na kuweka sharti moyoni: ikiwa nadaiwa, hii ni ya faradhi, ikiwa sidaiwi, hii ni ya hiari. Sisi niya ya namna hiyo ya kuning'inia ingetuletea kesi. Nilipowaambia kinamama habari ya kuswali kutwa nzima, Bi Mkubwa wa darasa akauliza Rabi Yohanan wali alipikiwa na nani.

Nyongeza zao hazilingani uzito, na hapo tena utadhani unasoma mlango wetu wa nguzo, ab'adhi na hay'aa, zile sunna ndogo zisizodai sijda. Za siku za Hanuka, sikukuu yao ya taa, ukiacha, huna deni. Upepo na umande katika baraka ya 2, ukiacha pia huna deni, kwa sababu wanasema upepo na umande havizuiliwi kamwe, dunia haisimami bila hivyo. Nasi tunaokaa kati ya kusi na kaskazi hatutabisha. Lakini zile siku 10 za toba, kuanzia mwaka mpya wao hadi Yom Kippur, mahali pa "Mungu Mtakatifu" wanasema "Mfalme Mtakatifu", na aliyesahau, hata aliyeshuku, anarudi mwanzo. Siku 10 hazifiki 30. Ulimi haupati nafasi ya kuzoea, kwa hiyo shaka yote ya siku hizo inahukumiwa kuwa ni kusahau.

Ya mwandamo wa mwezi ndiyo iliyowachekesha kinamama. Mwezi mpya una nyongeza yake katika kila swala ya siku hiyo, na aliyeiacha asubuhi au alasiri anarudia. Ila akiiacha katika swala ya usiku, harudii. Kwa nini? Kwa sababu zamani baraza la mahakimu wa Yerusalemu lilipokea mashahidi wa hilali na kuutangaza mwezi mchana, halikuutangaza usiku. Baraza lenyewe halipo kwa karne nyingi, kalenda yao sasa ni ya hesabu, lakini msamaha wa usiku umebaki palepale. Sisi tunaokesha na redio kusubiri kama mwezi umeandama Zanzibar au haukuandama tunaweza kuelewa kwa nini mtu wa usiku asamehewe.

Nilimuuliza mgeni jambo ambalo kila mwanafunzi wangu angeuliza: kwa nini asisome kwa sauti, ajisikie, asishuku? Akasema Amida inasomwa kwa kunong'ona, sikio lako lisikie na la jirani lisisikie, wamechukua kwa Hana mama yake Samweli, aliyeomba midomo ikicheza na sauti yake haikusikika. Sauti iko kwa kiongozi wao. Wakiwa jamaa ya wanaume 10, kila mtu akishamaliza yake ya kimya, kiongozi anairudia yote kwa sauti, na aliyesahau nyongeza anaweza kusikiliza kwa niya, neno kwa neno, akawa ametua deni lake bila kusimama upya. Kwetu imamu humbebea maamuma kusahau kwake. Ukisahau nyuma yake huna sijda. Tatizo la mgeni wangu ni kwamba hapa Tanga alikuwa peke yake. Kumi wa karibu alikojua kuwapata ni Nairobi, kwenye sinagogi lililokuwepo tangu enzi za ukoloni.

Limebaki lililokuwa likinisumbua tangu asubuhi ile ya Desemba. Mvua hii anayoiomba ni ya nani? Tarehe ni za Babeli, na yeye yuko kusini ya mstari wa ikweta. Huko kwao Johannesburg mambo yanaelekeana, kwa kuwa mvua yao huja kati ya Oktoba na Machi. Huku Tanga, Desemba mvua yetu ya vuli ndiyo inaaga, na Pasaka yao, Machi au Aprili, ndipo masika yanapoingia. Yaani wakati mkulima wa Muheza anatazama mawingu, mgeni wangu sheria inamwambia acha kuomba.

Kumbe hili nalo ni la zamani. Watu wa Ninawi, mji wa Nabii Yunus, walimpelekea swali Rabi aliyekuwa kiongozi wao: sisi tunahitaji mvua hata kiangazi, tuombe wapi? Akawajibu waombe kila mmoja kwa nafsi yake, katika baraka ya 16. Musa bin Maymun, mwanazuoni wao mkubwa aliyefariki mwaka 1204, akiwa ameishi Misri na kuandika vitabu vyake vingi kwa Kiarabu, akaongeza mfano wake: sehemu zinazohitaji mvua kiangazi, kama visiwa vya mbali vya baharini, waombe hapo wakati wanapohitaji. Niliposikia visiwa vya mbali nikaonyesha kwa kidole upande wa Pemba. Rabi Asher bin Yehiel, huko Uhispania, alitaka kwenda mbali zaidi, nchi kubwa kama ile ifuate mvua yake yenyewe kwenye baraka ya 9. Mwaka 1313, mwaka wa ukame, alilisukuma, wenziwe hawakumfuata, akaliacha. Karne ya 17 Mayahudi wa Brazil wakamwandikia Rabi Hayim Shabtai wa Thesaloniki kwamba kwao majira yamepinduka. Naye akawarudisha kwenye jibu la Ninawi.

Mimi nisingekuwa na subira ya Rabi Asher. Kuomba mvua ya mahali pengine nakuelewa, ni mapenzi ya nchi. Lakini kumwambia mtu arudie swala nzima kwa kuwa ameomba mvua mahali ambapo mvua inatakiwa, hapo ningebishana. Na hata Karo aliacha upenyo: nchi nzima ikiwa inahitaji mvua kiangazi, na mtu mmoja akakosea akaiomba kwenye baraka ya 9, halazimiki kurudia; akitaka, atarudia kwa hiari.

Pasaka ilipofika mgeni alikwenda Nairobi, akarudi masika yameshika. Akaniuliza kwa dhati kabisa, je, Tanzania nzima inahitaji mvua mwezi wa Aprili? Nikamwambia ukiwauliza wenye michungwa watasema ndiyo, ukiwauliza wenye mashamba ya chumvi huku pwani watakufukuza. Akaona asiingie kwenye upenyo wa Karo, afuate Ninawi tu: kila siku baraka ya 16, mstari mmoja, kwa ajili ya michungwa ya bosi wake. Aliendelea nao mpaka Mei, barabara ya shamba ilipokatika na gari lake likalala ng'ambo. Kuanzia kesho yake akabaki na maneno ya kiangazi kama yalivyoandikwa, "utupe baraka", maji hakuyataja tena.